Miaka Yangu ya Kuitafuta Besi

Wenzangu mliobaki na chumba chetu cha kurekodia cha Kamukuzi,

Siku ya kuniaga mliniomba niseme neno, nami nikala keki. Nilijua nikifungua mdomo nitalia, na keki yenyewe ilikuwa nzuri. Sasa nimerudi Nakivale kwa binti yangu Solange, mikono haina la kufanya, kwa hiyo naandika yale ambayo ningeyasema. Habari za vyeo sitaziandika, mtanisamehe. Katika chumba cha watu watatu mkubwa ni yule mwenye ufunguo, na kwetu ufunguo ulikuwa umepotea mara nyingi.

Nitaandika juu ya besi, ile sauti nzito ya chini, kwa sababu ndiyo iliyonilisha. Sauti nyingine ukizikosea, mtu yeyote atakuambia. Soprano ikiwa kali watu wanakunja uso. Lakini besi ikikosewa watu hawajui wamekosa nini. Wanasema wimbo hauna nguvu, au kichwa kinawauma, au wanatoka nje kutafuta maandazi wakidhani ni njaa.

Tulifika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, kutoka upande wa Fizi, Kivu ya Kusini, Kongo, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kanisa letu la kwanza lilikuwa miti na turubai, na mvua ikinyesha hapakuwa na haja ya kuimba, maana hakuna aliyesikia kitu. Nilikuwa mwimbaji wa alto. Baadaye kanisa lilipata kuta za udongo na mabati, tukaletewa amplifaya moja na spika mbili zilizokwisha kutumika mahali pengine. Alihitajika mtu wa kusimama karibu na vile vitufe. Mwalimu wa kwaya, Safari, alinichagua mimi. Nilijivuna wiki nzima, mpaka mke wake akanieleza sababu: walijaribu kuwaondoa waimbaji mmoja mmoja, na nilipoondoka mimi hakuna aliyeona tofauti.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hii. Sikujua chochote. Nilijua tu kwamba kitufe kimoja kikizungushwa sana, wazee wa mbele wanashika masikio.

Siku moja kanisa lilinituma Mbarara kununua kaseti tupu. Chini ya kilima cha Kamukuzi, nyuma ya duka la vitambaa, kulikuwa na chumba ambamo mzee mmoja alinakili kaseti na kurekodi kwaya. Watu walimwita Afande, kwa sababu alikuwa fundi wa redio jeshini kabla ya kustaafu. Mwembamba, kofia ya sufu hata jua likiwaka. Spika mbili kubwa zilikuwa zinapiga muziki, na mimi, nikisubiri zamu yangu, nikamwambia mwanamke aliyekuwa karibu kwamba ile ya kushoto inakohoa.

Afande akazima muziki, akauliza kwa Kiswahili chake cha jeshini:

"Nani nasema hiyo?"

Yule mwanamke akaninyooshea kidole bila huruma.

"Nyabo, mama, wewe najua mambo ya spika?"

"Sijui spika, Afande. Najua kukohoa."

Akafungua spika ya kushoto mbele yetu. Karatasi ngumu ya ndani, ile inayocheza mbele na nyuma, ilikuwa imepasuka pembeni. Aliishika kwenye mwanga, akaitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Kuja Jumatatu," alisema.

Nilimwacha Solange kwa dada yangu Nakivale, nikapanga chumba Mbarara pamoja na mama mmoja muuza maharage, na Jumatatu nikawa mlangoni. Nilidhani nitafundishwa mashine. Afande alinipa kiti na kuniambia nisiguse chochote. Akaweka kaseti yake mwenyewe, ambayo ninyi nyote mmeisikia mpaka mkaichukia: noti za kinanda, moja moja, zikishuka kutoka katikati kwenda chini, taratibu, zote kwa nguvu ileile. Alizipiga yeye mwenyewe, akiwa ameweka saa mezani ili asiharakishe.

"Wewe nasikia nini?"

"Kinanda."

"Sasa sikiza tena. Hapana kaa. Tembea."

Nikatembea. Wenzangu, ile ndiyo siku yangu ya kwanza ya kazi kwa kweli. Kwenye kona ya mlango noti moja ilivimba kama mtu aliyekasirika. Katikati ya chumba, pale pale kilipokuwa kiti cha kufanyia kazi, noti hiyohiyo ilitoweka kabisa. Nikarudi konani, ipo. Nikarudi kitini, hakuna. Nilidhani Afande ananichezea, nikageuka kuona kama ameshika kitufe. Alikuwa anamenya chungwa.

"Hiyo sio kinanda," alisema. "Hiyo ni nyumba. Nyumba nakula sauti hapa, natapika kule. Sasa wewe kama nakaa hapa kwa kiti, wewe nasema besi hakuna, wewe naongeza, naongeza. Watu napeleka kaseti nyumbani, kikombe naanguka kwa meza."

Tulihamisha kiti. Kwanza mbele, kisha nyuma, kisha kidogo pembeni, kila mara tukisikiliza noti zikishuka, mpaka tulipopata mahali ambapo zote zilikuja karibu sawa. Ndiyo maana kiti chenu kimekaa vile, kikimpa mgongo mgeni anayeingia, na ndiyo maana nilikuwa mkali kila mlipokisogeza ili mpate nafasi ya kuweka chakula. Konani tuliweka magunia ya kahawa aliyoyajaza mablanketi ya zamani ya jeshi, yaliyoshindiliwa mpaka hayabonyei. Wateja walidhani tunauza mablanketi. Wengine walitushauri tubandike trei za mayai ukutani kama walivyoona kwingine. Afande aliwaambia trei zinazuia mende tu, na hata kwa mende hakuwa na hakika.

Hedifoni alinipa baada ya hapo, na zikaleta taabu yake. Nilikuwa navaa fulari kichwani, kama mama yeyote wa kanisani kwetu, nikaziweka juu ya kitambaa. Kazi ya kwanza niliyochanganya sauti zake nikiwa nimevaa hedifoni, Afande aliisikiliza kwenye spika akarudi nyuma hatua nzima. Besi ilijaa chumba kama maji ya mafuriko.

"Wewe nachukia hii watu?" aliuliza.

Alichukua hedifoni, akazivaa, akazibana masikioni kwa viganja, akazilegeza, akazibana tena. Kisha akanivalisha na kufanya vilevile. Zikibana, besi ipo. Zikilegea hata upana wa uzi, besi inakimbia, na sauti za juu zinabaki zilezile. Ilikuwa ikivujia kwenye mikunjo ya fulari yangu. Kuanzia siku hiyo nilifunga kitambaa nyuma ya masikio, na watu wa kanisa walisema Mbarara imeanza kunibadilisha.

Jambo la mwisho alilonifundisha mwaka ule lilikuwa kutoamini mahali pamoja. Chumba chetu kilikuwa kizuri, lakini nani angeisikilizia kaseti yake chumbani kwetu? Kulikuwa na dereva, Kakuru, aliyeleta maziwa kutoka Bwizibwera kwa gari dogo la kubebea mizigo, na redio ya gari lake ilikuwa na spika nyuma ya kiti. Kila asubuhi akimaliza kushusha maziwa alisimama kwetu. Tulimpa kaseti, akaizungusha mtaani, mitungi mitupu ya maziwa ikiwa imepangwa nyuma.

"Leo mitungi iliimba kuliko kwaya," alikuwa akisema. Tunarudi kupunguza.

Au: "Leo mitungi ilinyamaza, lakini mimi pia nilisinzia." Tunarudi kuongeza.

Baada ya gari tulisikiliza kwenye redio ndogo ya betri, ile wanayoining'iniza shambani. Humo besi ya chini haiwezi kutoka hata ukiomba. Lakini ukiiacha noti ya besi na ukali kidogo juu yake, kama mkwaruzo wa kidole kwenye uzi wa gita, sikio la msikilizaji linaijaza lenyewe ile ya chini ambayo haipo. Sijui kwa nini Mungu aliliumba sikio hivyo. Labda alijua kuhusu redio za betri.

Sasa nije kwenye kesi iliyonitoa jasho kuliko zote.

Kwaya yetu ya Nakivale ilikuja kurekodi. Waimbaji wa besi walikuwa karibu wote watu wa kandokando ya ziwa la kwetu Fizi, kama mimi, wakiongozwa na Mzee Lukumbi, mkulima wa mahindi mwenye kifua kama pipa. Safari, mwalimu wao, alikuwa wa milimani, na waimbaji wengi wa tenori pia. Nyumbani Kongo watu wa sehemu hizo mbili walikuwa wameumizana, na Nakivale walijifunza upya kukaa benchi moja. Kwaya ilikuwa mahali ambapo hawakuulizana mtu ametoka wapi. Nilichanganya kaseti ile kwa uangalifu wote. Noti za kinanda, hedifoni, gari la Kakuru, redio ya shambani. Afande mwenyewe aliisikiliza akasema, "Hii iko sawa," na neno hilo hakuwa analitoa ovyo.

Jumapili walipoipiga kaseti kanisani mimi nilikuwa Mbarara. Baada ya siku chache dada yangu aliniletea habari. Waimbaji wa besi wote walikuwa wameacha kwaya. Walisema sauti zao zimefutwa kwenye kaseti. Safari aliapa kwamba zipo, amezisikia kwa masikio yake. Lukumbi alisema Safari ni mwongo, na watu wa milimani wametaka siku zote watu wa ziwani wafutike. Wanawake wa pande hizo mbili walikuwa wameacha kusalimiana bombani. Na mimi, mtu wa ziwani niliyekaa kwenye vitufe, nilikuwa nimewauza ndugu zangu.

Nilimweleza Afande. Alinisikiliza, kofia yake ikiwa imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Kaseti iko mzuri," alisema. "Wewe naenda. Kabla wewe naongea na mtu, wewe tembea."

Nilifika Nakivale mchana. Nilimkuta Mzee Lukumbi shambani. Alinisalimia kwa Kiswahili chetu cha Kongo, bila kuacha jembe.

"Mama Solange, sauti yetu muliipeleka wapi?"

"Iko kwenye kaseti, muzee."

"Mimi nilikaa mu kanisa, mbele, fasi yangu ya siku zote. Sikusikia ata kidogo. Niko na miaka mingi ya kuimba, sauti yangu naijua. Balinitosha, balinifuta." Akachimba. "Kama haikukuwa wewe, ni nani?"

Nilimwomba aje kanisani jioni ile, na awalete wenzake. Alisema atakuja kwa heshima ya marehemu baba yangu, si kwa heshima yangu. Kwa Safari nilikwenda pia. Alikuwa amekonda.

"Bataniua na maneno," alisema. "Nilisimama pale kando ya spika, nikasikia besi yote, mingi kabisa. Sasa niseme sikusikia? Niseme bongo, nidanganye, ju batu bafurahi?"

Niliingia kanisani peke yangu kwanza, nikaweka kaseti, nikatembea. Karibu na spika ya kulia, pale anaposimama Safari, Lukumbi alisikika na wenzake wote, wamejaa kabisa. Nikapita kati ya mabenchi kuelekea katikati. Hatua kwa hatua wakapungua, na kwenye mabenchi ya kwaya, mbele katikati, hakukuwa na mtu. Soprano ipo, alto ipo, tenori wapo wembamba kama nyuzi. Besi imekufa. Nikaendelea hadi spika ya kushoto, na Lukumbi akafufuka.

Nilichomoa waya wa spika moja, ikabaki nyingine peke yake, nikakimbia kurudi katikati. Besi ilikuwa pale. Spika moja ilitoa besi kubwa kuliko mbili. Nilikaa kwenye benchi la kwaya, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jioni walikuja wote, watu wa ziwani upande mmoja, wa milimani upande mwingine, na wachungaji katikati wakiwa na nyuso za mazishi. Nilimwomba Mzee Lukumbi akae mahali pake. Kisha nikamwomba Safari akae kando yake. Hakuna aliyependa. Nikapiga kaseti.

"Munasikia besi?"

"Hapana," alisema Lukumbi.

Safari alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua. "Hapana," alisema polepole. "Hapa haiko."

Watu wakaguna. Nikachomoa waya mmoja. Sauti ya Lukumbi ikatoka kama mtu aliyekuwa amefungiwa chumbani, na mzee mwenyewe akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Niliwaeleza kama nilivyoweza. Kila spika ina waya mbili, na mtu aliyeunga zile za kulia baada ya mvua kuziharibu alizigeuza, ya huku akaiweka kule. Kwa hiyo spika ya kushoto ikisukuma hewa mbele, ya kulia inaivuta nyuma. Ukiwa karibu na moja, unaisikia hiyo. Ukiwa katikati zinapokutana, zinafutana, na inayofutika hasa ni sauti ya chini. Aliyeunga waya alikuwa palepale, na sikumtaja. Nikageuza waya, nikarudisha spika zote mbili. Besi ilijaa kanisa kutoka ukuta hadi ukuta.

Wimbo ukaisha. Lukumbi ndiye aliyeanza.

"Basi nilikuwa mule mu kaseti siku zote."

"Ulikuwa," alisema Safari.

"Nilikuita bongo mbele ya batu."

"Uliniita. Na bibi yangu alisikia."

"Nilikuita na neno ingine mubaya zaidi, lakini hukusikia. Ulikuwa karibu na spika."

Mtu wa nyuma alicheka kwanza, mwanamke, nadhani ni mke wa Safari. Halafu kicheko kikaenda benchi kwa benchi. Sitawadanganya kwamba waya mbili ziliponya yaliyotokea Kongo. Baadhi ya wanawake wale walichukua muda mrefu kusalimiana tena. Lakini Jumapili iliyofuata benchi la besi lilikuwa limejaa, na Safari aliwapa ubeti mzima wa kuimba wenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Miaka kadhaa baadaye Lukumbi alipata safari ya kwenda kuishi nchi ya baridi pamoja na watoto wake. Alikuja Kamukuzi kuniaga, akakaa kwenye kiti cha kazi, akaomba nimpigie kaseti ile kwa sauti kubwa. Aliisikiliza macho ameyafumba, kofia magotini. Sikumwona tena.

Afande naye alianza kuchoka. Alirudi kwenye ng'ombe wake Kakiika, akaniachia chumba, magunia ya mablanketi na ile kaseti ya noti. Alikuwa akija mara mojamoja, anakaa nyuma, anasikiliza, anaondoka. Alipofariki nilikwenda mazishini. Walikuwa wamekodi vyombo, na besi ilikuwa inanguruma mpaka maneno ya mchungaji hayaeleweki. Nilivumilia kidogo. Kisha nikapita kati ya waombolezaji nikiwa na nguo zangu za msiba, nikaenda nyuma ya spika, nikasogeza moja mbali na ukuta na kupunguza kitufe. Kijana wa vyombo aliuliza mimi ni nani. Nilimwambia mimi ni wa familia. Sikuona kama nimesema uongo.

Halafu ikaja kompyuta, na ninyi pamoja nayo. Siwezi kuisema vibaya, maana kazi ya siku nzima ilikuwa ya asubuhi moja. Spika mpya za studio zilikuwa ndogo kuliko zile za Afande, lakini zilisema ukweli zaidi. Ila ninyi mnatazama sana. Mnauangalia mchoro wa besi kwenye kioo kama daktari anavyoangalia picha ya mfupa, na mnaniambia ipo, angalia, ile pale. Mimi nilikuwa nazima kioo, nawaambia tembeeni. Mlidhani ni uzee. Ulikuwa uzee pia, sikatai. Kufikia miaka ile sauti za juu kabisa zilikuwa zimeniaga. Ninyi mlisikia mlio wa kioo cha televisheni, mimi nikaona picha tu. Nilijua wakati wa kutoka umekaribia.

Kazi yangu ya mwisho hamkuijua vizuri kwa sababu niliifanya huku Nakivale, kwa hiyo niieleze.

Zawadi alikuwa fundi cherehani. Ugonjwa wa uchangani uliyaziba masikio yake yote mawili, akabaki na lugha ya mikono ambayo mama yake na wateja wake waliijua nusu nusu. Alikuwa anaolewa na Eliya, seremala, kijana mtulivu aliyejifunza lugha ile vizuri kuliko wote. Mnajua arusi zetu: bibi na bwana arusi wanaingia kwa hatua za kucheza, polepole, na wasindikizaji nyuma yao. Kwenye arusi za rafiki zake Zawadi alikuwa akisindikiza huku akitazama miguu ya wengine, na kila mara alikuwa nyuma nusu hatua. Watu walitabasamu. Hawakuwa na nia mbaya, lakini alikuwa akiwaona.

Mama yake alikuja kuniomba wimbo wa kawaida.

"Atafuata bengine," alisema. "Amezoea."

Zawadi, aliyekuwa amesimama kando yake, alimshika mkono akaushusha. Akasema kwa mikono yake, na Eliya akatafsiri.

"Anasema hataki kufuata. Siku ya arusi yake, bengine bafuate yeye."

Sikulala vizuri. Kanisa sasa lilikuwa la matofali, lakini njia ya katikati ilikuwa udongo ulioshindiliwa, na udongo haubebi besi; unaimeza. Kesho yake nilimuuliza Eliya kama anaweza kutengeneza sakafu ya mbao juu ya ile njia, yenye uwazi chini. Hakuuliza kwa nini. Alianza kupima kwa miguu.

Alipomaliza tulilaza boksi kubwa la besi chini, uso wake ukielekea ubavuni mwa sakafu ile, mbao zikiligusa. Zile noti zinazoshuka zilikuwa kwenye kompyuta sasa. Zawadi alivua viatu akasimama juu ya mbao, akainua mkono kila alipohisi, akaushusha alipokosa. Mimi nilikuwa na masikio, lakini katika kazi ile sikuwa na la kusema. Noti za juu hakuzihisi. Za chini kabisa boksi halikuziweza. Katikati yake kulikuwa na chache ambazo mbao zilizipenda, na zikipigwa uso wake ulifunguka, akacheka kwa sauti yake ile ambayo hakuwahi kuisikia.

Kisha akatembea. Alifika karibu na benchi la tatu kutoka mbele, mkono ukashuka. Akarudi nyuma, ukapanda. Akasonga, ukashuka. Alimwita Eliya, akamwonyesha kwa kidole cha mguu. Mbao mbili zilikuwa zimeungwa hapo hewani, bila gogo chini. Eliya alilala kifudifudi akasukuma gogo lingine, akapigilia misumari, na mkono wa Zawadi ukapanda mpaka mwisho wa njia.

Wimbo niliurekodi upya na kwaya, nikiushusha mpaka besi ikae kwenye noti zile zinazopendwa na mbao. Soprano walilalamika kwamba ni chini mno kwao. Niliwaambia kwamba kwa mara hii wimbo si wao.

Siku ya arusi mama yake aliona miguu mitupu chini ya gauni jeupe.

"Bibi-arusi bila viatu? Batu batasema nini?"

Zawadi alimpa viatu avishike.

Kanisa lilikuwa limejaa hadi madirishani. Nilikuwa na amplifaya mbili, moja ya boksi la besi, nyingine ya spika za juu zenye sauti za waimbaji. Nikaanzisha wimbo, na hapohapo ile ya pili ikajizima. Sauti za waimbaji hazikutoka. Hakukuwa na wimbo, ila ngurumo ya chini ambayo watu waliisikia bila kujua mwanzo wake wala mwisho wake. Wasindikizaji walisimama mlangoni wakitazamana. Msindikizaji wa mstari wa kwanza alianza hatua, akaiacha. Mchungaji alinitazama. Watu wakaanza kunong'ona.

Zawadi alishusha macho kidogo, kama mtu anayesikiliza, akatoa mguu wa kulia.

Akaenda. Hatua, pumziko, bega, hatua. Eliya alikuwa ubavuni mwake, akimtazama yeye. Nyuma yao wasindikizaji wote, wenye masikio mazima, waliinamisha vichwa wakaangalia nyayo za Zawadi, wakaanza kuzifuata, mwanzo kwa kujikwaa, kisha sawasawa, safu kwa safu, mpaka ile ya mwisho iliyokuwa mlangoni.

Nilikuwa nimeshaiona shida. Ilikuwa kitufe kimoja tu cha usalama kilichoruka, na kidole changu kilikuwa juu yake tangu hatua za mwanzo. Sikukibonyeza. Mama Zawadi, viatu mkononi, alinikonyeza niirudishe sauti, kisha akageuka kumtazama binti yake, akasahau. Niliwaacha wafike mpaka mbele.

Walipofika ndipo nilipobonyeza. Sauti za kwaya zilitoka zote pamoja katikati ya ubeti, kanisa likaruka kwa vigelegele, watu wakageuka kutazama spika, hata Eliya aligeuka.

Zawadi hakugeuka. Kwake hakuna kilichokuwa kimekatika.